Daktari Livingstone na Vidonda Vyake

Upande wa magharibi wa milima ya Uluguru iko nchi ya Mgeta. Mashamba ya huko yamekatwa ngazi ngazi juu ya miteremko mikali, na njia zake hupanda na kushuka, tambarare ni chache. Mtoto ashukaye kutoka Nyandira na mzigo wa kabichi au viazi kichwani hujikwaa katika jiwe, au hukwaruzwa na mwiba, au hukatwa na jembe. Damu ikitoka kidogo huipangusa kwa jani, kisha huendelea na safari yake. Mara nyingi jeraha kama hilo hupona lenyewe, na baada ya siku kumi halikumbukwi tena. Lakini mara nyingine halifungi. Huwa donda, nalo donda huenea likawa donda ndugu, na mtu mwenye nguvu zake huweza kulala kitandani miezi kwa sababu ya mkwaruzo asioukumbuka aliupata wapi. Hivyo ndivyo ilivyompata Daktari David Livingstone, mtu aliyelivuka bara la Afrika toka bahari hata bahari.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika Blantyre, mji mdogo wa nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, na jamaa yote ilikaa katika chumba kimoja cha nyumba kubwa iliyojengwa kwa ajili ya wafanya kazi wa kiwanda cha pamba. Alipotimia miaka 10 alitiwa kazini katika kiwanda hicho. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika katika mashine. Alianza saa kumi na mbili asubuhi, akafungua saa mbili usiku, kisha akaenda shule ya usiku. Katika mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu hicho alikiegemeza juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake alisoma mstari mmoja au miwili, akaenda kuunga uzi, akarudi akasoma tena. Kwa njia hiyo alijifunza miaka mingi, hata alipokuwa kijana alikwenda mji wa Glasgow kusomea udaktari. Mwaka 1840 akapewa cheti chake.

Yafaa kukumbuka udaktari wa siku zile ulivyokuwa. Madaktari walijua kukata na kushona, walijua majina ya mifupa yote, lakini hawakujua kwa nini jeraha huoza. Hawakujua kwamba mikononi mwao, katika visu vyao na katika nguo zao mlikuwamo vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wengi walidhani kuwa usaha ni jambo la lazima katika kila jeraha, na kwamba hewa mbaya ndiyo iletayo ugonjwa. Basi Livingstone alitoka Glasgow akiwa mganga hodari kwa kadiri ya ujuzi wa wakati wake, naye hakuweza kuwa zaidi ya hapo.

Kwanza alitaka kwenda China, lakini huko palikuwa na vita. Kwa hiyo akapanda merikebu mwezi wa Desemba 1840, akaja kusini mwa Afrika, akafika Kuruman, kituo cha Robert Moffat, mwaka 1841. Baada ya miaka miwili hivi akahamia mahali paitwapo Mabotsa, akajenga kituo chake.

Katika Mabotsa simba walikuwa wakiwasumbua watu sana. Waliingia zizini usiku wakaua ng'ombe, hata mchana waliwavamia. Tarehe 16 Februari 1844 watu wakatoka kuwawinda, na Livingstone akaenda pamoja nao ili kuwatia moyo. Alimwona simba amekaa nyuma ya kijiti, akampiga risasi mbili. Watu wakapiga kelele wakidhani amekufa. Livingstone akawaambia wangoje kwanza, akaanza kushindilia bunduki yake risasi nyingine. Alipokuwa akifanya hivyo simba alimrukia akamkamata begani, wakaanguka chini wote wawili, simba akamtikisa kama mbwa atikisavyo panya. Baadaye Livingstone aliandika kwamba wakati ule hakusikia maumivu wala hofu, ila alikuwa kama mtu wa ndotoni, anaona yote yanayotendeka wala hayamhusu.

Alikuwapo mwalimu mmoja, jina lake Mebalwe. Huyu alisogea karibu, akalenga bunduki yake, lakini haikulia. Simba akamwacha Livingstone, akamrukia Mebalwe akamuuma paja. Mtu wa tatu, ambaye zamani Livingstone alimwokoa alipotupwa na nyati, akaja na mkuki. Naye akaumwa begani. Ndipo zile risasi mbili za kwanza zikafanya kazi yake, na simba akaanguka, akafa.

Mfupa wa mkono wa kushoto wa Livingstone ulivunjikavunjika, na juu ya mkono ule palikuwa na alama kumi na moja za meno. Meno ya simba ni machafu, kwa kuwa mabaki ya nyama hukaa kati yake yakaoza. Wote watatu waliumwa na simba mmoja siku ile ile. Lakini wale wawili waliteseka zaidi kwa majeraha yao, na huyo aliyeumwa begani, jeraha lake lilifumuka tena mwaka uliofuata, katika mwezi ule ule. Livingstone hakupatwa na hayo. Alipotafuta sababu, akakumbuka kwamba siku ile yeye alikuwa amevaa koti nene la sufu, na meno ya simba yalipita katika nguo ile kabla ya kuingia mwilini. Akaamini kwamba nguo iliyapangusa meno, na uchafu wake ukabaki katika koti. Wenzake hawakuwa na nguo nzito kama ile. Hayo aliyaona kwa akili yake zaidi ya miaka 20 kabla ya ulimwengu kujua vijidudu vya majeraha. Hakuwa na jina la kitu kile, lakini alikuwa karibu sana na ukweli.

Mfupa haukuungana sawasawa. Ukabaki kama kiungo cha pili kati ya bega na kiwiko, mahali ambapo mwanadamu hana kiungo. Tangu siku hiyo aliuinua mkono ule kwa shida. Alikwenda Kuruman kupumzika, na huko akamposa Mariamu, binti wa Moffat, wakaoana mwaka 1845.

Habari za safari zake za miaka iliyofuata zimejaa katika vitabu vingi, na hapa zatosha kwa kifupi. Mwaka 1849 alifika ziwa Ngami. Kati ya 1853 na 1856 alitoka katikati ya bara akaenda Luanda katika pwani ya magharibi, akarudi, akashuka na mto Zambezi hata Quelimane katika pwani ya mashariki. Njiani, mwaka 1855, aliyaona maporomoko ya maji ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya. Mwaka 1858 alirudi Zambezi na Waingereza wengine, akaliona ziwa Nyasa mwaka 1859, akamzika mkewe Shupanga mwaka 1862. Safari hiyo ilikuwa na magomvi mengi na faida chache. Livingstone alikuwa mgumu kwa Wazungu wenzake, mwepesi wa kuwakasirikia na mzito wa kuwasamehe. Kwa watu wa Afrika waliofuatana naye alikuwa mvumilivu zaidi.

Mwezi wa Agosti 1865 aliiacha Uingereza, asirudi tena akiwa hai. Na mwezi ule ule, katika hospitali ya Glasgow, mji ule aliojifunzia udaktari, daktari aitwaye Joseph Lister alipokea mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la gari. Mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika na ngozi imepasuka. Watu wenye majeraha ya namna hiyo walikatwa mguu, au walikufa kwa kuoza. Lister alifunika jeraha kwa kitambaa kilichotiwa dawa ya kaboliki, iuayo vijidudu, na baada ya wiki sita mtoto akapona, mguu wake mzima. Mwaka 1867 Lister akaandika habari hizo ili madaktari wote wazijue. Lakini mwaka 1867 Livingstone alikuwa mbali katika misitu, wala hapakuwa na mtu wa kumpelekea gazeti.

Alikuwa amefika Unguja mwezi wa Januari 1866, akashuka pwani kusini, akapanda bonde la mto Ruvuma. Miongoni mwa watu wake walikuwamo wawili ambao majina yao hayatenganiki na lake. Mmoja ni Abdullah Susi, mtu wa Shupanga. Wa pili ni James Chuma, Myao, ambaye alipokuwa mtoto alifunguliwa katika minyororo ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861.

Mwezi wa Januari 1867 ulitokea msiba mmoja. Kijana Baraka, aliyekuwa mwangalifu kuliko wote, ndiye aliyezoea kulichukua sanduku la dawa. Siku moja alibadilishana mzigo na mmoja katika Wayao wawili waliojiunga na msafara. Msitu ulikuwa mnene na mvua ilikuwa ikinyesha. Wale wawili wakatoroka, na mvua ikafuta nyayo zao. Ulipotea unga, vikapotea vyombo, zikapotea bunduki. Lakini hayo yote Livingstone aliyahesabu kuwa si kitu mbele ya sanduku la dawa. Ndani yake mlikuwa na kwinini ya homa na dawa zake zote nyingine. Aliandika katika daftari yake kwamba alijiona kama mtu aliyehukumiwa kufa.

Hata hivyo aliendelea mbele. Alifika ziwa Tanganyika, akafika Mweru, mwaka 1868 akaliona ziwa Bangweulu. Mwaka 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa wa kifua, kisha akavuka ziwa kwenda nchi ya Manyema, ambayo leo ni sehemu ya Kongo. Shabaha yake ilikuwa mto Lualaba. Alidhani huenda mto huo ni mwanzo wa Naili. Kumbe ni mto Kongo, lakini hilo halikujulikana wakati ule.

Huko Manyema alikaa katika mji wa Bambare, ambao sasa huitwa Kabambare. Mwezi wa Juni 1870 akatoka kwenda Lualaba na watu watatu tu: Susi, Chuma, na Gardner. Wengine walikataa kwenda. Mvua zilikuwa nyingi, njia zimegeuka matope, na mito haikwisha. Kutwa nzima miguu ilikuwa majini, na viatu vilivyolowa vilichubua ngozi. Hapo zamani miguu yake ilipochubuka ilipona upesi, naye hakuijali. Safari hii haikupona. Madonda yalitokea katika miguu yote miwili, yakaanza kuila nyama. Mtu aliyepita majangwa na maporomoko alishindwa na nyayo zake mwenyewe. Akarudi Bambare akichechemea, akafika tarehe 22 Julai, akaingia katika kibanda chake.

Hakutoka kibandani kwa muda wa siku 80.

Madonda yalikuwa matatu. Livingstone, ambaye alikuwa daktari hata alipokuwa mgonjwa, aliyachungua na kuyaandika kwa makini. Aliona kwamba donda la namna hii halikai juu ya ngozi tu. Hula nyama, hula mishipa, hufika hata mfupani, na likiwa haliui, mara nyingi humwacha mtu kilema. Akikanyaga chini tu, maji ya damu hutoka. Usiku maumivu huzidi.

Wala hakuwa peke yake. Bambare palikuwa mahali pa wafanya biashara wa pembe na watumwa. Watumwa walikuwa wengi, wametembezwa mbali katika minyororo, wamelishwa kidogo, miguu yao wazi. Madonda yale yale yaliwashika. Wengi wao walikufa. Katika giza Livingstone alisikia vilio vyao, naye akaandika kwamba kilio cha watumwa wenye madonda ni moja ya sauti za usiku katika kambi ya watumwa. Yeye alikuwa na kibanda, na kitanda, na Susi na Chuma wa kumletea maji. Wao hawakuwa na kitu.

Leo sababu ya donda hilo imejulikana. Si hewa mbaya wala si uchawi. Huanza kwa mchubuko mdogo, mara nyingi chini ya goti. Vijidudu vya namna mbalimbali huingia pamoja kutoka katika matope na maji machafu, na kwa kushirikiana huiua ngozi na nyama iliyo chini yake. Mwili wa mtu aliyeshiba huweza kuvizuia. Mwili wa mtu mwenye njaa, au aliyedhoofishwa na homa, hauna nguvu ya kujenga ngozi mpya. Ndiyo maana donda hili liliwashika zaidi watumwa, askari wa safarini, wapagazi, na watoto wa mwaka wa njaa. Livingstone alikuwa na miaka 57, homa zimemchosha, meno yamemtoka, na chakula cha Manyema hakikumfaa. Lilipata mahali pa kukaa.

Dawa yake pia imejulikana. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi, mguu upumzishwe na kuinuliwa, na mgonjwa apewe chakula cha kutosha, maharagwe, mayai, maziwa na mboga. Likiwa limekwisha kuoza, mganga wa hospitali huondoa nyama iliyokufa, hutoa penisilini, na pengine hupachika ngozi nyingine juu yake. Kulifunga kwa tambara chafu au kulipaka udongo na samadi ni kuviongeza vijidudu katika nyumba yao.

Katika Bambare hapakuwa na hospitali wala penisilini. Dawa ya Waarabu ilikuwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mrututu, ikapakwa ingali moto, kisha mguu ukafungwa. Ilisaidia, lakini maumivu yake yalikuwa makali. Livingstone hakuwa na dawa yo yote. Mwishowe alipata kipande cha jiwe la kijani, lile litokalo mahali penye shaba. Likasagwa juu ya jiwe jingine kwa maji, na maji yake ya kijani yakapakwa kwa unyoya juu ya madonda. Siku hadi siku akaona yanaanza kukauka. Akaandika kwamba katika yote aliyojaribu, hiyo tu ndiyo iliyofaa.

Yeye hakujua kwa nini. Lakini angalieni: mrututu ni chumvi ya shaba, na jiwe la kijani nalo ni shaba ndani yake. Mfanya biashara Mwarabu na daktari wa Glasgow walifika mahali pamoja kwa njia mbili. Siku hizi wenye elimu wamethibitisha kwamba shaba huua vijidudu vingi. Si dawa ya kutumia nyumbani leo, maana ikizidi hudhuru, na zipo zilizo bora. Lakini ilikuwa dawa ya kweli.

Katika siku zile 80 Livingstone alisoma Biblia, kwa kuwa vitabu vingine hakuwa navyo. Na kabla ya kutoka Manyema alikuwa ameimaliza yote mara nne. Aliandika pia, akiwauliza wageni waliopita habari za mito na maziwa. Tarehe 10 Oktoba 1870 aliweza kutoka nje ya kibanda.

Si haki kuyatupia madonda lawama ya yote yaliyofuata. Alipopona miguu, alichelewa tena kwa kungojea watu na vitu kutoka pwani, na watu walipofika walikuwa wagomvi. Lakini miezi mitatu ya kiangazi ilikwisha kupotea, na nguvu alizoziacha katika kibanda kile hazikumrudia. Alifika Lualaba, katika mji wa Nyangwe, mwezi wa Machi 1871. Tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake wafanya biashara wa watumwa wakiwapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake, na wengine wakizama mtoni. Moyo wake ukavunjika. Akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba, amekonda, akakuta mali aliyoletewa imekwisha kuuzwa.

Wakati huo Henry Stanley alikuwa njiani kumtafuta. Msafara wake ulitoka Bagamoyo, na mwezi wa Aprili 1871 ukapita Simbamwene, mji wenye ukuta wa mawe chini ya milima ya Uluguru, karibu na mahali ulipo mji wa Morogoro. Kisha ukaingia katika mbuga za Mkata zilizojaa maji, na huko wengi wakaugua. Walipofika Ujiji, mtu wa kwanza kutoka mbio kumlaki Stanley alikuwa Susi. Stanley alileta nguo, barua, na chakula. Livingstone akala mara nne kwa siku, na mwili ukaanza kurudi. Wakatembea pamoja kaskazini mwa ziwa, kisha wakaenda Unyanyembe, wakaagana mwezi wa Machi 1872. Livingstone alikataa kurudi Ulaya.

Mwezi wa Agosti akaondoka tena kwenda kusini, pamoja na watu wapya aliopelekewa na Stanley, mmoja wao Jacob Wainwright aliyejua kusoma na kuandika vizuri. Mvua ziliwakuta katika vinamasi vya Bangweulu. Livingstone aliugua kuhara damu, na mwisho alichukuliwa katika machela. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Kumzika pale pale lingekuwa jambo jepesi, wala hapana mtu ambaye angewalaumu. Lakini Susi, Chuma na wenzao waliamua kumrudisha kwao. Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja, aliufungua mwili akatoa moyo na matumbo, navyo vikazikwa chini ya mti. Wakatia chumvi, wakaukausha mwili juani siku 14, wakiugeuza kila siku. Wakaufunga katika nguo, na juu yake gome la mti, na juu ya gome turubali. Wakauchukua miezi mingi, katika njaa na maradhi. Walipofika Unyanyembe walishauriwa na Waingereza waliowakuta huko wauzike, wakakataa. Mahali paitwapo Kasekera wenyeji hawakutaka maiti ipite. Basi wakatengeneza furushi la mabua ya mtama, wakawatuma watu kulirudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika. Na mwili wenyewe wakaufunga upya, ukawa kama robota la nguo, ukapita.

Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Mwili ukawekwa usiku mmoja katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, wale ambao baadaye walipanda mpaka Uluguru. Kisha ukapakiwa melini.

Ulipofika Uingereza mwezi wa Aprili, palikuwa na swali. Miezi kumi na moja imepita, na uso haukutambulikana tena. Watawezaje kujua kwamba huyu ndiye? Daktari Sir William Fergusson akaitwa London. Hakuutazama uso. Aliufunua mkono wa kushoto, akapapasa chini ya bega, akakipata kile kiungo ambacho mwanadamu hana, mahali simba wa Mabotsa alipouma miaka 30 iliyopita. Habari ya mkono ule Livingstone mwenyewe alikuwa ameiandika katika kitabu chake cha mwaka 1857. Hapakuwa na shaka tena.

Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa katika kanisa kuu la Westminster. Jacob Wainwright alikuwapo kaburini. Susi na Chuma, waliomwosha miguu yake Bambare na kumchukua toka Chitambo hata pwani, hawakuwapo; walipewa mshahara wao tu, wakaachwa Unguja. Baadaye rafiki mmoja wa Livingstone aliwalipia nauli, wakaja Uingereza mwaka ule ule, kaburi limekwisha kufungwa. Walikaa miezi kadhaa pamoja na Horace Waller, wakimsomea alama za daftari na kumweleza yale ambayo Livingstone hakuwahi kuyaandika. Kitabu kikatoka mwisho wa mwaka 1874, na ndani yake zimo siku 80 za Bambare, pamoja na jiwe la kijani na unyoya.